Upana wa Chumba

Neno la kwanza kutugombanisha lilikuwa saruji.
Mimi, kwa mama aliyezaliwa Wete,
nililijua kuwa ni mfuko wa kijivu, kilo hamsini,
ukichanika ni hasara.
Fundi Muhanna wa Mudhairib akacheka mpaka akakaa kitako.
"Hiyo ndiyo iliyoiua husuni," akasema,
akagonga ukuta uliokarabatiwa miaka ya themanini.
Ukalia kama debe.
Nyuma yake udongo ulikuwa umeoza kimyakimya,
umezuiwa kutoa jasho.

Saruji yake yeye huchimbwa shambani,
hukandwa, huanikwa kama mikate,
hupangwa juu ya vigogo vya mtende na kuchomwa,
kisha hupondwa, hutiwa chokaa.
Shofikul wa Komila aliipiga kwa fimbo kutwa nzima
akiimba jambo ambalo hakuna aliyemuuliza maana yake.
Kumbe neno lilivuka bahari likabadili kazi;
nami nimelirudisha kwao, halinitambui.

Miezi kumi na minne tulibandua.
Chini ya kinyesi cha popo, ghala la tende,
mifereji sakafuni ilikopita asali
iliyojikamua kwa uzito wa magunia yake yenyewe.
Juu ya lango, tundu la kummwagia adui asali ichemkayo.
"Tuseme tutakavyo," akasema Muhanna,
"adui tulimpa kitamu."
Mlango wa ndani ni mfupi.
Mhandisi Yaarub aligonga kichwa mara nne.
Ya tano aliinama,
tukajua husuni imekwisha kumfunza.

Halafu chumba cha juu.
Kila aliyeingia aliuliza:
mabwana wale, na mali ile,
mbona walilala kwenye ujia?
Nikapima. Dhiraa sita kasoro shubiri.
Baraza: dhiraa sita kasoro shubiri.
Jiko, ghala, hata chumba chenye pete ya chuma ukutani
ambacho ramani inakiita "stoo":
dhiraa sita, kasoro ileile.

Nikapanda jukwaa, nikafuta masizi kwa mswaki.
Boriti. Si mtende, si mkunazi.
Wenyeji huiita chandali, wakadhani mti ni huo.
Mimi naujua ungali hai: mkoko,
umesimama kwenye tope
kama mtu aliyepandisha kanzu avuke kijito.
Hurefuka, kisha hukataa.
Bwana alitaka ukumbi, mkoko ukamwambia mwisho hapa,
akaishi umri wake wote
ndani ya kimo cha mti asioupata kuuona umesimama.

Na boriti ya kumi na moja,
kichwani, palipofichwa na ukuta,
ina mikato ya shoka: minne, na mmoja umelala.
Mtu alikuwa akihesabu korija yake.
Akakatizwa, au akachoka, au akalipwa.
Sijui kama alilipwa.

Yaarub alitaka chuma. "Mchwa wamekula robo.
Wageni ni roho za watu."
Ana haki. Wiki mbili tulibishana,
tukaafikiana chuma kipite juu, kisionekane,
boriti ibaki chini ikijifanya inabeba.
Sikupenda. Nilitia sahihi.

Kibao cha maelezo: maneno arobaini,
lugha mbili, yangu haimo.
Niliandika "mbao kutoka ng'ambo."
Kikarudishwa: ng'ambo ni wapi?
Nikaandika wapi, na nikaandika nani, kwamba hajulikani.
Kikarudi kimechapwa vizuri:
"Dari ya asili."

Siku ya kufungua kulikuwa na halwa, kahawa,
na hotuba iliyowasahau wapiga saruji.
Shofikul yuko Sur, kazi nyingine.
Mchana wakaja wasichana wa shule kutoka Ibra,
wakainama mlangoni, wakajazana chumba cha juu.
Wawili wakashikana mikono,
wakanyoosha: kidole huku kwenye ukuta,
kidole kule.
Mmoja akasema, kwa Kiswahili cha jikoni kwao,
"Kumbe ni watu wawili tu."
Mwalimu akawahimiza. Basi linangoja.